Nyuma ya Picha za Mwamba wa Mkwe

Mtu tuliyemzika kijijini Kabasa mwezi uliopita hakuwahi kuingiza uso wake majini. Nilifanya kazi chini yake mwaka mzima, katika kituo kidogo cha samaki pale Musoma, na ninaweza kuapa mbele ya mahakama yoyote kwamba alikuwa akiogopa hata kuvua viatu ufukweni. Akitaka kupanda mtumbwi alibebwa mgongoni na mpiga kasia, akishika kofia yake kwa mkono mmoja na mafaili kwa mkono wa pili. Nayaandika haya kwa sababu mwanawe wa kwanza, mwalimu mstaafu mwenye adabu, alinipigia simu kunialika mazikoni, akanisomea maneno yaliyochapwa katika ratiba ya ibada: kwamba marehemu ndiye mtu wa kwanza wa nchi hii kupiga picha za samaki chini ya maji ya ziwa letu. Aliniomba niseme machache kama msaidizi wake wa zamani. Nilimjibu kwamba nitakuja. Nilipoweka simu chini niligundua kwamba nilikuwa nimesimama, na kwamba mkono wangu, mkono wa mwanamke wa umri wangu aliyefundisha chuo kikuu miaka thelathini bila kuinua sauti, ulikuwa umekunja ngumi.

Sitamtaja jina. Watoto wake hawana kosa, na wajukuu wake wanalibeba jina hilo shuleni. Nitamwita Mkuu, kama tulivyomwita wote. Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao watu wengi wa mkoa wetu walihamishiwa vijijini, kila mtu alipokuwa ndugu, na jioni watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto wao kujifunza kusoma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na stashahada. Nilipewa chumba katika nyumba ya kituo huko Makoko: kitanda cha chuma, meza moja, na dirisha lililotazama maji. Ukuta wangu mmoja ulipakana na ofisi ya Mkuu, nami nilisikia kila alichosema kwenye simu. Na alichosema siku nyingi ni kwamba kituo kinahitaji kuonyesha matokeo. Ofisini mlikuwa na kabati la vitu vilivyoachwa na mtafiti mmoja wa kigeni aliyerejea kwao: miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia, kamera, na kasha lake la kioo na chuma lisilopitisha maji. Mpira wa kasha ulikuwa umepasuka. Fundi baiskeli wa mjini alinikatia mwingine kutoka kwenye tyubu ya lori, akaupaka mafuta ya ng'ombe, akaniambia kuwa kitu hicho sasa kinaweza kwenda hata motoni.

Kazi niliyopewa ilikuwa kupiga picha za furu. Vijana wa leo hawawajui, kwa hiyo naeleza: ni samaki wadogo, wa urefu wa kiganja au pungufu, waliojaa ziwani kwa aina zisizohesabika, na ofisi zetu ziliwaandika wote kwa neno moja, tena chini ya kichwa cha habari kilichosema samaki wasio na thamani. Nilimwonyesha Mkuu kwamba katika bakuli moja la furu wa sokoni mlikuwa na mataya ya namna saba. Alinisikiliza, akasema kama nikiweza kuwapiga picha wakiwa hai, kila aina mahali pake, itakuwa kazi ya kwanza ya namna hiyo, na kituo kitasifiwa. Nilisikia neno “kituo” nikadhani ni kituo.

Kujua mahali kulikuwa shida. Ziwa karibu na mji lina tope, na ukitumbukiza uso huoni mkono wako. Aliyejua maji safi alikuwa Magesa, mvuvi wa kijiji cha ng'ambo ya ghuba, ambaye kituo kilimkodi pamoja na mtumbwi wake. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi kwa uso mkavu, mwenye tabia ya kuniita Ndugu Mtaalamu hasa nilipokuwa nimefanya jambo la kijinga. Ndiye aliyenifundisha kupumua kwa mrija bila kumeza ziwa. Wiki tatu tulizunguka mawe ya pwani nikapata vivuli tu. Siku moja nilimuuliza, kwa hasira ya kuchoka, kama ziwa zima halina hata jiwe moja lenye maji ya kuonekana. Alipiga kasia mara kadhaa, kisha akasema lipo, ila si la kuendewa hivi hivi.

Lilikuwa linaitwa Mwamba wa Mkwe. Halionekani juu ya maji. Limezama shubiri moja chini, na wageni hulipita bila kujua. Wenyeji hulijua kwa alama za nchi kavu, na desturi yao kwalo ni ile ile ambayo mwanamume wa kwao humfanyia mama wa mkewe. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hatamki jina lake, na akikutana naye njiani huacha njia. Mitumbwi ilipokaribia mwamba, wapiga makasia waligeuza nyuso upande wa pili na kushusha sauti, na hakuna aliyetupa wavu pale, kwa maana hakuna mtu mwenye akili anayechota chunguni mwa mkwewe. Mimi, niliyekuwa nimesoma Kilatini kwa masista na kujiona nimeiva, niliiandika desturi hiyo daftarini mwangu chini ya neno “imani”, nikaipigia mstari.

Magesa alisema ruhusa ilikuwa kwa mama wa mkewe mwenyewe, aliyeitwa Mama Nyabise kwa jina la binti yake, kwa kuwa ukoo wake ndio uliolinda mwamba. Nilimjua mama huyo kwa sura. Aliuza furu wakavu pale sokoni Mwigobero, waliotungwa kwenye vijiti kama ushanga, na alikuwa na ulimi ambao wachuuzi wanaume waliuzungukia mbali. Tulikwenda kwake siku ya Jumapili. Kwa kuwa Magesa hakuruhusiwa kukaa naye chumba kimoja, yeye aliketi sebuleni kwenye kigoda, mama akabaki jikoni nyuma ya ukuta wa udongo, nami niliwekwa mlangoni, katikati yao, nipeleke maneno. Ukuta ule haukufika dari. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

Magesa akaniambia, akiwa anatazama miguu yake, nimwambie mama kwamba anamwamkia. Kabla sijageuka, sauti ilitoka jikoni: “Mwambie nimesikia. Na umwambie mtumbwi wake unavujaga, binti yangu asipande tena mpaka autie lami.”

Niligeuka kumwambia. Magesa alisema: “Mwambie lami nimeshapaka.”

“Mwambie amepaka upande wa kuonekana.”

Nilicheka, nikaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Hivyo ndivyo walivyozungumza miaka yote, kwa kupitia mtu, na heshima ilikuwa imo humo humo katika kumchoma. Nilipopeleka ombi lenyewe, mwiko ulikwaruza sufuria. Kisha mama aliniita niingie jikoni. Alinikalisha, akanipa ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, na furu wa kuchemsha, akaniangalia nikila. Alichukua samaki mmoja mkavu baada ya mwingine kutoka kijitini akanitajia majina kwa lugha ya kwao: huyu wa mdomo mnene anakwangua mawe, huyu anavunja konokono, huyu anakulaga watoto wa wenzake. Alitaja majina kumi na manne. Ofisi yetu ilikuwa na moja.

“Wewe si wa hapa,” alisema mwishoni. “Huna mkwe huku. Macho yako hayana kosa, basi tazama. Lakini macho tu. Wavu hapana. Na usimwonyeshe mtu ni wapi. Huyu aliyekaa sebuleni ndiye anakuleta, kwa hiyo likiharibika, nitaulizia kwake. Binti yangu yuko kwake kwa heshima. Heshima ikiisha, anarudi nyumbani na watoto.”

Nilimwahidi. Nilisema maneno haya, nayakumbuka: “Mama, hakuna mtu atakayejua kwa mdomo wangu.” Nimefundisha wanafunzi wengi wapime maneno kabla ya kuyaandika, na sijapata kuona sentensi iliyotimizwa kwa usahihi wa aibu kama hiyo. Kwa mdomo wangu, kweli, hakuna aliyejua.

Miezi ya Juni, Julai na Agosti tulikwenda mwambani karibu kila asubuhi ambayo maji yalitulia. Magesa alikuwa akifika pale bila kuutazama: aligeuka, akakaa ameupa mwamba mgongo, akasoma alama zake kwenye vilima, na mtumbwi ukasimama palepale. Alinifunga kamba kiunoni. Nikiivuta mara mbili, alinirudisha juu. Muda wote nilipokuwa majini alikaa hivyo hivyo, mgongo kwangu na kamba mkononi, akiangalia pwani kama mtu aliyesusa. Niliwahi kumuuliza kama haogopi kwamba mamba anaweza kunichukua nyuma yake. Alisema mamba akinichukua, kamba itamwambia.

Sijui niyaeleze vipi niliyoyaona bila kuyapunguza. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, ya rangi ya chai nyepesi, na jua liliingia kwa mafungu. Mwamba ulikuwa na nyufa kama mitaa ya mji, na katika kila ufa lilikuwa taifa. Madume yalisimama milangoni mwao: moja la buluu ya dawa ya kufulia, jingine jeusi lenye mkia wa rangi ya pilipili iliyoiva, jingine la manjano na madoa kama kanga. Majike yalikuwa ya kijivu, na mengi yalikuwa na mashavu yaliyovimba, kwa kuwa furu hawa huwabeba watoto wao mdomoni. Ukikaa kimya vya kutosha utaona jike likifungua kinywa, wingu la vitoto likatoka, likachezacheza, na kivuli kikipita vyote vinarudi ndani mara moja. Filamu yangu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Rangi niliziandika daftarini, juani, Magesa akinishikia daftari. Dume mmoja wa buluu alikuwa na pezi la mgongoni lililokatwa kama jino la msumeno, labda kwa ugomvi, nami nilimpiga picha mara nyingi kuliko wengine kwa sababu hakunikimbia. Alikuwa akija kwenye kioo cha kasha kujitisha mwenyewe.

Picha nilizisafisha katika bafu la kituo lililozibwa kwa mablanketi. Nyuma ya kila picha niliandika, kwa mwandiko ule mdogo niliofundishwa na masista, yote ambayo mtu wa elimu hupaswa kuandika: jina, tarehe, kina cha maji, hali ya mwanga, na mahali. Mahali. Niliandika jina la mwamba, kisha alama: mnara wa kanisa ukae juu ya ncha ya rasi, paa la ghala la pamba likae katikati ya vilima viwili. Picha isiyo na mahali, nilijiambia, ni uvumi. Hakuna aliyenilazimisha. Mstari ule ungeweza kubaki mtupu na samaki wangebaki samaki wale wale. Nimekasirika miaka mingi kwa ajili ya mstari mmoja, na nusu ya hasira hiyo naidai kwa marehemu, na nusu ya pili anayedaiwa ni mimi ninayeandika.

Kwa kuwa Magesa ndiye aliyenipeleka, niliona ni haki nimwonyeshe kazi. Nilimpelekea picha kumi nyumbani kwake. Nyabise mkewe alituletea chai ya rangi na viazi vitamu, akacheka aliposikia kwamba samaki wamepigwa picha kama watu wa harusi. Magesa alipokea rundo lile, na mara alipojua ni la wapi aliligeuza kifudifudi. Alizipitia zote kumi kwa upande wa nyuma, moja moja, kwa makini, kama mtu anayehesabu ng'ombe. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kisomo cha watu wazima na alikuwa akitambua herufi chache. Aliweka kidole juu ya mstari wa mwisho.

“Hapa pameandikwa nini, Ndugu Mtaalamu?”

“Namba za ofisi,” nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima ya mtu anayeheshimu ofisi, akanirudishia.

Mwezi wa Septemba tuliarifiwa kwamba kutakuwa na maonyesho ya mazao ya vijiji huko Butiama, mbele ya wageni wakubwa. Vijiji vya bara vingeleta pamba, mtama na ng'ombe. Kijiji cha wavuvi kilichokuwa chini ya usimamizi wa kituo chetu kilitakiwa kuleta samaki, nacho hakikuwa nao: watu walikuwa wamehamishwa mbali na maeneo yao ya kuvulia, na kila siku mitumbwi ilirudi na aibu. Kupitia ukutani nilimsikia Mkuu akisema kwenye simu ndiyo, samaki watakuwepo, ndiyo, wengi. Siku mbili baadaye aliniomba picha zote na mikanda yake, ili zibandikwe kwenye ubao wa maonyesho. Nilimpa kwa furaha. Niliwaza mgeni mmoja atasimama, aone kwamba furu wana nyuso.

Nilikwenda Butiama juu ya lori la pamba. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, shule zimepangwa kwa mistari, na banda letu lilikuwa la tatu kutoka jukwaani. Ubao ulikuwepo, picha zangu zimebandikwa vizuri, na chini yake, kwa herufi kubwa za rangi nyekundu, jina la Mkuu baada ya maneno “Mpiga picha”. Hilo lilinichoma, sikatai. Lakini macho yangu yalikuwa bado juu ya jina wakati pua ilipoleta habari nyingine, nikashusha macho. Chini ya ubao, juu ya mikeka, kulikuwa na lundo la furu lililonifikia kiunoni.

Samaki hawa wakifa, rangi hutoka kwanza. Lundo lote lilikuwa la kijivu, picha zangu hasa, kana kwamba filamu yangu ndiyo iliyowamwaga pale. Majike yalikuwa yamefungua vinywa, na juu ya mkeka ulikuwepo ute wenye vijidoa vya macho, maelfu, watoto waliotemwa wakati wavu ulipobana. Nilipiga magoti. Sikulazimika kutafuta sana. Alikuwa pembeni, karibu na kidole changu, mwenye pezi lililokatwa kama jino la msumeno. Na juu yake, kwenye ubao, umbali wa mkono mmoja, alikuwa amesimama mlangoni mwake akijitisha kwenye kioo. Mgeni mmoja alipita, akatazama picha, akatazama lundo, akasema hii ndiyo faida ya kuunganisha utaalamu na uzalishaji. Watu wakapiga makofi.

Nilimfuata Mkuu nyuma ya banda. Alikuwa akinywa soda. Alinieleza bila kujificha: mitumbwi sita, nyavu kuzunguka mwamba, watu wakapiga maji kwa magogo mpaka kila kilichokuwa ndani ya nyufa kikatoka. Wavuvi wa kijiji walikataa kwenda, kwa hiyo alichukua vibarua wa mbali wasio na wakwe pale.

“Ndugu Perusi,” alisema, “serikali haikutunza kamera ile ili sisi tukae tunatazama. Na usinikazie macho. Mahali umepaandika wewe. Mimi nilisoma tu.”

Nilimwambia kwamba nitawaambia watu wa mwamba. Aliuliza, kwa upole, nitawaambia nini hasa: kwamba yeye alivua, au kwamba mimi niliandika? Kisha akasema jina langu limo katika orodha ya wanaopendekezwa kwenda chuo kikuu, na kwamba barua iko mezani kwake, haijatiwa saini. Kama watu watauliza, alisema, jibu lipo tayari: mvuvi alifuatwa na mtumbwi mwingine bila kujua. Mambo hayo hutokea.

Nilifika kwa Magesa kesho yake, nikiwa nimeazimia kusema. Hilo nalidai hata leo, ingawa azimio lisilotoka mdomoni halina shahidi. Nilikaribishwa sebuleni, nikapewa kikombe cha uji. Kabla sijakigusa, mlango wa mbele ulisukumwa na Mama Nyabise akaingia. Hakuita. Hakupitia nyuma. Aliingia nyumba ya mkwe wake kwa mlango wa wanaume, akavuta kigoda, akaketi mbele yake, goti kwa goti. Magesa aligeuka ukutani kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

“Magesa. Nitazame.”

Hakumtazama. Mama alirudia mara ya pili, akimtaja jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na safari hii Magesa aligeuka polepole, wakatazamana. Nyabise, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni, aliweka chini alichokuwa amebeba, akaanza kulia bila sauti. Alikuwa amekwisha kuelewa.

“Uliuza, au ulifuatwa?”

“Sijauza, mama.” Naye alikuwa hajawahi kumwita hivyo ana kwa ana. “Labda nilifuatwa. Sikuwa natazamaga nyuma.”

Kisha akanitazama mimi. Hakuwa akinishuku, aliniangalia kama mtu anayeomba shahidi wake aseme. Chumba kilikuwa kidogo, nami nilikuwa nimekaa mahali pale pale pa kazi yangu ya zamani, katikati yao, nipeleke maneno. Nilikuwa na maneno. Nilikunywa uji. Nakumbuka ulikuwa na ndimu na kwamba ulikuwa wa moto mno, na kwamba niliumeza.

Mama alisimama, akasema basi, heshima imekwisha. Nyabise na watoto wawili waliondoka naye kabla ya mchana. Barua yangu ilitiwa saini wiki iliyofuata. Mwaka haujaisha, Magesa alikuwa ameuza mtumbwi na kwenda kulima pamba upande wa Bunda, na sikumwona tena kwa zaidi ya miaka arobaini.

Wenzangu wa taaluma, nikiwasimulia sehemu ya kisa hiki inayosimulika, hunifariji kwamba furu wale wangekwisha tu, maana baadaye sangara alienea ziwani akawala karibu wote, wa mwamba huo na wa miamba mingine. Ni kweli alienea. Nimeandika makala juu ya jambo hilo. Lakini naikataa faraja hiyo, na wanaonipa huwa wanaona uso wangu ukibadilika. Sangara hakuahidi kitu jikoni kwa mtu. Sangara hakumwambia mtu anayejifunza kusoma kwamba hizi ni namba za ofisi.

Nilikwenda Kabasa, basi, nikiwa na hasira iliyopangwa vizuri. Nilikuwa nimekusudia kudai picha zangu mbele ya watu wote, kwa utulivu, kwa uthibitisho. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki vimejaa, kwaya ya wanawake wa kanisa imeimba. Mwana wa marehemu alinikabidhi bahasha ya picha zenyewe, zilizokutwa kabatini, akanialika mbele. Nilisema baba yenu alikuwa mkuu wangu, na mengine atayasema aliyemwumba. Lakini picha hizi nilizipiga mimi, na ratiba mliyoishika mikononi ina kosa. Minong'ono ilipita. Mwana yule, bila ukali, aliuliza kama kuna namna ya kujua. Nilisema ipo: nyuma ya kila moja kuna mwandiko wangu. Nikainua ya juu kabisa, ile ya dume wa pezi la msumeno.

Hapo mzee mmoja aliinuka kutoka safu za nyuma, mwembamba, koti kubwa kuliko mabega. Kabasa iko upande ule ule wa Bunda alikokwenda kulima pamba. Alikuwa amekuja kuzika kama wanavyozika majirani. Nilimtambua kabla hajafika katikati, nami nilikuwa na nafasi ya kuirudisha picha bahashani. Sikuirudisha. Aliponyosha mkono nilimpa.

Magesa aliipokea na kuigeuza kifudifudi kabla jicho lake halijaangukia upande wenye samaki. Aliishika mbali kidogo, kama washikavyo wenye macho ya uzee, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama walivyofundishwa kwenye madawati ya watoto:

“Mwa-mba wa Mkwe. Mna-ra wa ka-nisa u-kae juu ya ncha ya ra-si. Paa la gha-la la pamba li-kae ka-ti-kati ya vi-lima vi-wili.”

Hakuna aliyeelewa isipokuwa sisi wawili. Alirudia mstari wa mwisho kimoyomoyo, midomo ikicheza, akipima kama alama zilikuwa sawa. Zilikuwa sawa.

“Kumbe ndizo namba za ofisi,” alisema.

Aliiweka picha juu ya meza, kifudifudi vile vile, akarudi mahali pake. Alikishika kiti chake, akakigeuza, akaketi amenipa mgongo, akitazama vilima, kama alivyokuwa akikaa mtumbwini asubuhi zote zile. Nilibaki nimesimama mbele ya watu, mkono wangu ukiwa kiunoni, ukitafuta kamba.